Jeeves Ana Kitabu

Roderick Spode ni jitu la mtu. Kifua kama mlango wa gereji, sauti ya kamanda, na nyuma yake kikundi cha vijana waliovaa kaptura nyeusi. Ni kaptura kwa sababu alipoanzisha chama chake, mashati ya kila rangi yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na mafashisti wengine. Akimwambia Bertie Wooster atamponda, unaamini atamponda. Halafu Bertie anatamka neno moja, Eulalie, na jitu zima linanywea. Linaomba radhi. Linaongea kama karani aliyekutwa na mkono ndani ya droo ya pesa.

Bertie mwenyewe hajui neno hilo lina maana gani. Amepewa na mtumishi wake, Jeeves, ambaye amekataa kumweleza zaidi ya hapo. Baadaye ndio tunajua: Eulalie ni duka la nguo za ndani za kina mama wenye pesa, na anayezibuni ni Spode. Dikteta mtarajiwa, kazi yake ya pembeni ni kuchora chupi. Ukishamaliza kucheka, uliza swali ambalo limenisumbua tangu niangalie hicho kipindi mara ya kwanza. Jeeves alijuaje?

Alijua kwa sababu kuna kitabu. Watumishi wa mabwana wakubwa wa London wana klabu yao, Junior Ganymede, na sheria ya klabu ni kwamba kila mwanachama lazima aandike ndani ya kitabu yale anayoyajua kuhusu mwajiri wake. Kwa maneno ya kiofisi, ni ili mtumishi anayetafuta kazi ajue anaingia nyumba ya aina gani. Lakini si unaona vile kitu chenyewe kilivyo. Siri za nusu ya matajiri wa Uingereza zimewekwa pamoja na watu wanaowapigia pasi suruali.

Kwa wale hawajaiona: Jeeves and Wooster ilionyeshwa na ITV Uingereza kuanzia Aprili 1990 hadi Juni 1993, misimu minne, vipindi 23, vyote vikiandikwa na Clive Exton kutoka kwa hadithi za P. G. Wodehouse. Hugh Laurie ni Bertie. Ndiyo, yule daktari mkali wa House, miaka mingi kabla hajapata mkongojo. Stephen Fry ni Jeeves. Walikuwa tayari wamezoeana tangu chuoni Cambridge, na hiyo inaonekana. Hakuna anayemngoja mwenzake amalize sentensi ndipo aanze kufikiria yake.

Bertie ni kijana wa mjini. Hana kazi wala hatafuti. Wazazi walishafariki, pesa ziko, na kilichobaki cha kumsumbua maishani ni mashangazi. (Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba na dada wa mama. Sisi tunalazimika kuuliza, na jibu hapa ni zuri: Agatha na Dahlia wote ni dada za marehemu baba yake. Kwa hivyo ni mashangazi kabisa, na wana tabia zote za mashangazi.) Agatha anataka aoe. Dahlia anataka amwibie mtu kijagi cha fedha chenye umbo la ng'ombe. Rafiki mmoja amekosana na mchumba, mwingine amepoteza pesa za kamari, na kwa bahati mbaya Bertie amejikuta amemchumbia msichana ambaye hakumtaka. Jeeves anawaokoa wote. Malipo yake mara nyingi ni vazi: koti jeupe, soksi za rangi ya kupiga kelele, chochote ambacho Bertie alikinunua kwa furaha na Jeeves hakuweza kukivumilia. Mwisho wa kipindi vazi limechomwa, limegawiwa mtu, au limekutana na pasi ya moto zaidi ya ilivyohitajika.

Vitabu vyenyewe vina siri ambayo televisheni haiwezi kuibeba. Anayesimulia ni Bertie. Mjinga wa hadithi ndiye bingwa wa lugha, na utamu wote uko hapo, kwamba mtu asiyeweza kutatua tatizo la funguo anaweza kukuelezea tatizo hilo kwa sentensi ambayo utaisoma mara tatu. Ukiondoa sauti yake, unabaki na kijana tajiri anayeangukaanguka. Exton anapenyeza vipande vya sauti hiyo kwenye mazungumzo, lakini aliyeokoa jahazi ni Laurie, na aliliokoa kwa uso. Ana macho makubwa ya mtu anayesikiliza kwa bidii lugha asiyoijua. Anapoambiwa jambo, unaona likiingia, likizunguka ndani likitafuta mahali pa kukaa, na likitoka bila kukaa popote. Hakuna dharau kwenye uigizaji huo. Angeweza kutuchekesha kwa kumdharau Bertie na tungecheka, ila tungechoka mapema sana.

Fry anafanya kinyume. Uso haufanyi chochote. Inyanyuke nyusi moja kidogo na hilo tayari ni tukio. Na karibu kila sentensi inaishia kwa "sir" ile yake. Nimewahi kukaa nikijiuliza, kama ningepewa kazi ya kuweka sauti za Kiswahili kwenye kipindi hiki, ningeitafsiri vipi. "Bwana" lina uzito, lakini pia ni mume, ni Mungu, ni "wacha hiyo bwana". "Mkubwa" ni ya soja wa getini anayetarajia kitu kidogo. "Mdosi" unaisema mdosi akiwa mbali. Fry anaitumia "sir" moja kwa heshima, kwa huruma, kwa onyo, na wakati mwingine kwa maana ya kwamba mazungumzo haya yamekwisha. Ningeshindwa na hiyo kazi.

Na Jeeves mwenyewe ungemwita nani? Kazi yake ni kumtunza mwanamume mmoja: nguo zake, chai yake, safari zake, na ile dawa ya kutoa loki ambayo ndiyo iliyompatia kazi kwenye kipindi cha kwanza kabisa, Bertie akiwa ametoka kortini asubuhi na kichwa kinapasuka. "Mtumishi" linatosha kwa kamusi. Lakini neno ambalo hapa kwetu lilitumika kwa kazi hiyo hasa, enzi za Mzungu, ni "boi". Boi angeweza kuwa na miaka 50 na wajukuu.

Nilimwekea shangazi yangu vipindi viwili. Amefanya kazi za nyumbani Nairobi karibu maisha yake yote ya utu uzima, na Kiingereza cha kina Bertie kinakimbia sana, kwa hivyo nilikuwa namtafsiria pale tunapokwama. Hakucheka nilipotarajia. Swali la kwanza lilikuwa, "Na huyu analala wapi?" Nikamwambia humo humo, ana chumba. "Ofu yake ni lini?" Nikamwambia vitabuni huwa ana likizo ya kila mwaka, anaenda baharini kuvua kamba. Akanyamaza kidogo. Kisha Bertie akaingia na koti jipya, Jeeves akalitazama, na hapo ndipo shangazi alipocheka hadi akaweka kikombe chini. "Huyo kijana hajui ameshanyang'anywa nyumba," alisema. Alikuwa ameona kwa dakika 20 kitu ambacho wahakiki huandikia kurasa. Halafu akauliza jina lake la kwanza ni nani, huyo Jeeves. Kuna nyumba alifanya kazi miaka sita, wakamwita Anti siku zote, na siku ya kuandikiwa barua ya kuacha kazi ndipo walipomuuliza jina kamili.

Swali lake la jina nitalirudia. Kwanza hicho kitabu.

Jeeves alitokea kwa mara ya kwanza kwenye hadithi iliyochapishwa Septemba 1915, kwenye jarida la Marekani, akionekana kwa muda mfupi tu, mlangoni. Mwaka huohuo, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika, ile iliyozaa kipande. Vita ilichelewesha utekelezaji hadi mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akatakiwa kutembea na karatasi ndani ya kijikopo cha bati, akikining'iniza shingoni. Ndani kulikuwa na alama za vidole, na nafasi ya mwajiri kuandika: ameanza lini, analipwa ngapi, ameachishwa lini. Ukiondoka kabla hajatia sahihi wewe ni mtoro, na polisi wangekutafuta.

Hivyo ni vitabu viwili. Kule London ya kubuni, mtumishi anaandika kuhusu bwana, na bwana hajui kitabu kipo. Huku, kwa uhalisia kabisa, bwana anaandika kuhusu mtumishi, na mtumishi anakibeba shingoni mwenyewe. Sidhani Wodehouse aliwahi kuiwazia Kenya hata dakika tano. Lakini watu wake walikuwa hapa. Vijana wa aina ya Bertie, wasio na la kufanya Uingereza, walikuja kulima, kunywa na kubadilishana wake kule Wanjohi. Hata Spode tulikuwa naye. Spode ni mzaha juu ya Oswald Mosley na mafashisti wake wa mashati meusi, na Lord Erroll, nyota wa genge la Happy Valley, alijiunga na chama hicho cha Mosley mwaka 1934. Erroll aliuawa kwa risasi nje ya Nairobi Januari 1941, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Wazungu wameandika juu ya kifo hicho rundo la vitabu. Waliomfulia mashati, waliomwekea meza, waliosikia milango ikifunguka usiku, kitabu chao ndicho ningependa kukisoma.

Ndiyo maana kipindi cha kaptura nyeusi, ambacho ni cha msimu wa pili, 1991, kinanifurahisha kuliko vingine vyote. Nguvu ya Spode ni ya kelele na misuli. Ya Bertie ni ya pesa na jina. Wote wawili wanasimama au kuanguka kwa sababu ya neno moja lililoandikwa na mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akishika sahani. Ukitaka kucheka tu, utacheka. Mimi hucheka, halafu nahisi kitu kingine, kama mtu aliyeona chini ya zulia.

Lakini Wodehouse anaogopa kile alichokiweka mezani, na kipindi kinaogopa pamoja naye. Mwangalie Brinkley. Bertie ameanza kujifunza tromboni (kitabuni ni banjolele), Jeeves ameacha kazi, na aliyechukua nafasi yake ni Brinkley, mtumishi pekee katika dunia hii anayesema kwamba mpango mzima hauko sawa. Anasubiri mapinduzi. Na tunaonyeshwa nini? Mlevi. Kwenye riwaya ya 1934 anamfukuza Bertie na kisu, anachoma nyumba. Yaani malalamiko ya watumishi wote wa Uingereza yametiwa ndani ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe akaleweshwa ili tusimsikilize. Hiyo ni mbinu ya zamani, na hata vipindi vyetu vinaijua. Ila kwetu angalau anti huwa anaachiwa aongee. Auntie Boss! ilikuwa na mapungufu yake, lakini wale wadada wa kazi, wakikutana kwenye estate na kupeana habari za nyumba walizomo, wamekaa Junior Ganymede bila kiingilio.

Ajabu ni kwamba Wodehouse hakuwa Bertie. Baba yake alikuwa hakimu Hong Kong, pensheni ikilipwa kwa rupia, na rupia iliposhuka pesa za kumpeleka mtoto Oxford zikakosekana. Mwaka 1900 akaingia benki kama karani, akawa anaandika usiku. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu za karibu hizo hizo, kwa hivyo naisoma sehemu hiyo ya maisha yake polepole. Bertie anatajataja Oxford yake bila kuonyesha dalili kwamba alijifunza kitu huko. Aliyesoma kila kitu, anayekunukulia washairi na wanafalsafa asubuhi na mapema, ni yule ambaye hakuna aliyempeleka. Unaweza kuona karani wa benki alikuwa upande gani. Ndipo ninapochukia zaidi alivyomtendea Brinkley.

Kuna jambo jingine, na siwezi kuandika nikiwa hapa halafu niliruke. Kwenye msimu huohuo wa pili, Bertie amefungiwa ndani ya meli ya kifahari ya tajiri wa Kimarekani, na ili atoroke anajipaka uso rangi nyeusi na kujifanya mmoja wa wanamuziki. Sir Roderick Glossop, daktari wa vichaa, naye anajipaka. Wanazurura usiku kucha wakitafuta cha kujitolea rangi. Kitabuni ilikuwa 1934. Televisheni ilikuwa 1991, Mandela ameshatoka gerezani, na bado kuna mtu alisoma huo ukurasa akasema sawa, leteni rangi ya viatu. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa hapa kwa nini inakera. Nitasema tu kwamba hata kama vichekesho imeanguka: silaha ya Laurie ni uso wake, na wameufunika. Unabaki na macho yakizunguka, ambayo ndiyo picha ya mtu mweusi waliyotaka kuichekea. Na kinachoniudhi ni kwamba kipindi hiki kinaupenda muziki wa watu weusi. Kwenye msimu wa kwanza Bertie anakaa kwenye piano na kuimba Minnie the Moocher, wimbo alioutoa Cab Calloway mwaka 1931, huku akimlazimisha Jeeves aitikie. Ni kati ya dakika tamu kabisa za televisheni niliyowahi kuona. Laurie anapiga mwenyewe, na anapiga vizuri. Fry anaitikia kama mtu anayesoma bei za sukari. Nyimbo zimealikwa ndani ya nyumba. Wenyewe hawakualikwa.

Sasa jina. Kipindi cha mwisho kabisa, cha 1993, kimetoka kwenye riwaya ya 1971, Much Obliged, Jeeves, na ni kwenye riwaya hiyo ndipo, miaka 56 baada ya Jeeves kufungua mlango kwa mara ya kwanza, tunajua anaitwa Reginald. Bertie anashtuka, haikuwa imempitia kichwani kwamba Jeeves ana jina la kwanza. Na anayemwita hivyo ni nani? Ni Brinkley yule yule, sasa akiitwa Bingley, amerithi mali na amenona. Anamwita Reggie. Huyo huyo ndiye anayekiiba kitabu cha klabu ili akitumie dhidi ya wenye nacho. Jeeves anamwekea dawa kwenye kinywaji, anakichukua kitabu, anakirudisha. Halafu, mwishoni, anamweleza Bertie kwamba kurasa zote zinazomhusu ameziharibu, kwa kuwa anatarajia kubaki naye siku zote.

Mashabiki wanaona hapo kuna upendo, na pengine upo. Mimi huona mtu aliyeshika kitu pekee ambacho mabwana wanakiogopa, na akakichana kwa hiari, kisha akaenda kutayarisha chai. Kila nikifika hapo nahisi nimenyimwa kitu. Kama angeweka hizo kurasa, asizitumie kamwe, lakini ziwepo, ningemwamini zaidi hata huo upendo.

Ukitaka kuanza, usianze mwanzo. Tazama dakika kumi za kwanza za kipindi cha kwanza kwa ajili ya ile dawa ya hangova, kisha ruka hadi msimu wa pili, vipindi viwili vya mwanzo, hadithi ya kijagi cha ng'ombe na Spode. Vile vya New York vya msimu wa tatu viache hadi siku ya mvua, waigizaji wa Kiingereza wanahangaika na lafudhi ya Kimarekani na hawaiwezi. Halafu utafute hadithi fupi moja ya 1922, Bertie Changes His Mind, ambayo kati ya hadithi zote za hawa wawili ndiyo pekee inayosimuliwa na Jeeves. Bertie amekuwa mpweke na anafikiria kukaa na dada yake na watoto. Jeeves hataki, nyumba yenye familia ina kazi nyingi na bosi wengi. Kwa hivyo anampeleka kwenye shule ya wasichana, anapanga aombwe kutoa hotuba, na anaacha wale wasichana wafanye vile wasichana wa shule hufanya kwa mgeni mwenye woga. Wazo la watoto linakufa siku hiyo. Jeeves anatusimulia yote hayo kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama fundi anayemwelekeza kijana wa mkono.